Kuzoea kioo cha nyuma chenye vipande viwili: mwongozo kwa dereva wa Mbeya na Nyanda za Juu Kusini

Ukikaa kwa mara ya kwanza kwenye Toyota Prius au Honda Insight yenye kioo cha aina hii na kuinua macho kwenye kioo cha ndani, kitu cha kwanza kukuvuta ni mwamba uliokatiza kioo cha nyuma kutoka kushoto hadi kulia, kama mwamba wa goli. Juu yake kuna kioo kikubwa kilicholala, chini yake kuna kioo kifupi kilichosimama. Gari linalokufuata unaliona paa na matairi, lakini boneti na taa hazipo. Dereva aliyezoea IST, Vitz au Premio hapo huanza kunyoosha shingo, na wapo wanaotaka kulirudisha gari kwa dalali wiki hiyohiyo.

Usilirudishe. Kuona nyuma kwenye gari hili ni ujuzi, na unajifunzika. Ila huku kwetu, ambako barabara inapanda, inashuka na kuvunjika kila baada ya muda mfupi, haitoshi kusema "utazoea tu". Kuna mambo ya kupanga kabla hujatoka nyumbani, na kuna mambo ya kujua ukiwa barabarani.

Kwa nini mwamba upo

Upepo unaopita juu ya paa la gari unatakiwa uteremke taratibu hadi mkiani bila kuachana na bodi. Ukiachana mapema, nyuma ya gari hutokea mvurugiko wa hewa unaolivuta gari na kula mafuta. Mjerumani Wunibald Kamm alilifanyia kazi jambo hili miaka ya 1930: paa lishuke kidogo kidogo, kisha mkia ukatwe wima. Honda walilitumia umbo hilo kwenye CR-X ya mwishoni mwa miaka ya 1980, na Toyota kwenye Prius iliyotoka mwaka 2003. Mkia wa namna hiyo lazima ubaki juu. Bila kile kioo kifupi cha chini, usingeona barabara ya karibu kabisa. Kwa hiyo kioo cha chini ni nyongeza uliyopewa, na mwamba ndio ukingo wa mkia wenyewe: umebeba spoila na taa ya tatu ya breki. Fundi akikuambia anaweza kuupunguza, mwache aende na shughuli zake.

Hesabu kidogo itakusaidia kujua unashindana na nini. Chukua mwamba wenye unene wa sentimita 8, ulio mita 3 kutoka jichoni mwako ukifuata njia ya mwanga kupitia kioo cha ndani. Kwa umbali wa mita 30, mwamba huo unaficha ukanda wa sentimita 80. Kwa mita 60, unaficha mita 1.6, na gari dogo la kawaida lina kimo cha mita 1.5 hivi. Yaani gari zima linaweza kuingia ndani ya ukanda huo, kama tu barabara italipeleka kwenye usawa wake. Kwenye barabara tambarare mara nyingi haliingii lote. Kwenye milima linaingia, na nitaeleza ni wapi.

Hatua ya kwanza: kiti, kisha vioo

Panga kiti kabla ya kugusa kioo chochote. Kaa kama unavyokaa ukiwa umechoka, maana ndivyo utakavyokaa ukifika Makambako kutoka Iringa, si kama unavyokaa mbele ya mwalimu wa udereva. Kama kiti kina kishikizo cha kupandishia, kipandishe hadi uone vizuri mbele huku kichwa kikibaki na nafasi ya kutosha chini ya paa. Macho yakipanda, mwamba unashuka kidogo katika picha unayoiona na kioo cha juu kinakupa barabara zaidi. Shusha viegemeo vya kichwa vya siti za nyuma kama hakuna abiria. Vinakula sehemu ya kioo kile kile ambacho tayari kimegawanyika.

Kioo cha ndani kipange ili mwamba ukae chini ya katikati, kioo cha juu kichukue sehemu kubwa, na kioo cha chini kionekane chote. Usikielekeze juu sana kwa kuukimbia mwamba. Wengi hufanya hivyo, wakabaki wanatazama anga na milingoti ya umeme.

Hatua ya pili: vioo vya pembeni ndivyo macho yako makubwa

Kwenye gari lenye kioo cha nyuma kimoja, site mira ni wasaidizi. Kwenye hili, ndizo zinazobeba kazi. Mwaka 1995 mhandisi Mmarekani George Platzer alieleza namna ya kuzipanga ili zifunike sehemu zisizoonekana. Kwa usukani wetu wa kulia inakuwa hivi: inamisha kichwa hadi kikaribie kioo cha mlango wako, fungua site mira ya kulia kwa nje mpaka ubavu wa gari uonekane kidogo tu ukingoni. Kisha sogeza kichwa hadi katikati ya siti mbili za mbele, fanya vilevile kwa ile ya kushoto. Ukirudi kukaa sawa, ubavu wa gari lako hauonekani tena na unaona leni ya jirani.

Kwa barabara kuu namna hiyo ni nzuri. Kwa gari la mwamba, na kwa mji wenye bodaboda na bajaji zinazokupita kushoto na kulia, mimi napendekeza uirudishe ndani kidogo, ubavu wa gari uonekane kwa unene wa kidole. Sababu ni kwamba mpango ule unategemea kioo cha ndani kikuonyeshe kila kitu kilicho nyuma moja kwa moja, na chako hakifanyi hivyo kikamilifu. Ule upana wa kidole unakupa mstari wa kulinganishia: unajua bodaboda iko mbali kiasi gani na mlango wa nyuma.

Kumbuka pia kuwa vioo vingi vya pembeni vimebinuka nje kidogo, hivyo kitu kinaonekana kiko mbali kuliko kilivyo. Kioo cha ndani ni bapa na kinasema ukweli wa umbali. Ukiona lori kwenye site mira, litazame tena kwenye kioo cha juu kabla ya kuamua.

Hatua ya tatu: zoezi la ndoo

Tafuta uwanja ulio wazi asubuhi, uwe wa mpira au wa kanisa, na mtu mmoja wa kukusaidia. Simamisha gari, zima injini, vuta breki ya mkono. Msaidizi aweke ndoo ya lita 20 nyuma ya bampa kabisa. Hutaiona. Aisogeze nyuma hatua moja moja mpaka mdomo wa ndoo uchungulie kwenye kioo cha chini, hapo aweke jiwe. Shuka, upime kwa hatua zako kutoka kwenye bampa hadi kwenye jiwe. Eneo lote hilo huoni kitu kifupi: ndoo, mbwa, mtoto anayetambaa. Wengi hushangaa lilivyo kubwa.

Kisha msaidizi mwenyewe atembee kurudi nyuma taratibu huku akikutazama. Kwanza utamwona kifua kwenye kioo cha juu na miguu kwenye cha chini, kiuno hakipo. Akizidi kwenda mbali, ukanda uliofichwa unateremka mwilini mwake kuelekea magotini na miguuni. Mwambie asimame pale ambapo huoni miguu inakanyaga wapi. Sasa usigeuke, jiinue kwenye kiti kwa upana wa vidole vinne, kisha jishushe. Utaona mwamba unapanda na kushuka juu ya mwili wake, na kilichofichwa kinajitokeza. Tendo hilo dogo ndilo silaha yako ya kila siku. Lirudie mpaka mwili ulifanye bila kuambiwa: jicho kwenye kioo, kichwa juu, kichwa chini, jicho mbele. Halizidi sekunde moja.

Mwisho msaidizi apite nyuma ya gari kutoka kulia kwenda kushoto kwa mwendo wa kawaida, nawe useme kwa sauti anapotoka kwenye site mira, anapoingia kioo cha ndani na anapotokea upande wa pili. Penye ukimya ndipo penye shimo, na utapajua.

Hatua ya nne: kurudi nyuma sokoni

Hapa kuna hatari moja isiyotajwa vya kutosha. Prius ikienda rivasi inasukumwa na mota ya umeme, na mara nyingi injini iko kimya kabisa. Ule mlio wa "pii, pii" unaousikia ukiweka rivasi unalia ndani ya gari tu. Aliye nje hausikii. Mama aliyeinama kupanga nyanya Mwanjelwa au Sido hana namna ya kujua kuwa gari lililo nyuma yake limeanza kutembea. Nawe kwa urefu wa mtu aliyeinama, humwoni kwenye kioo cha juu, na kama yuko karibu, humwoni kwenye cha chini.

Kwa hiyo zunguka gari kwa miguu kabla ya kupanda. Washa taa za hazadi, shusha vioo vya milango vyote viwili vya mbele ili usikie watu, piga honi fupi moja, ndipo uachie breki. Nenda kwa mwendo ambao mtu anaweza kuliacha gari kwa kutembea.

Kijana wa kukuelekeza akijitokeza, mpange wewe mwenyewe mahali pa kusimama. Wengi husimama katikati ya nyuma, palepale kwenye mwamba, wakipunga mkono usioonekana. Mwambie: "Kaka, kaa upande wangu, nikuone kwenye site mira." Akisema "njoo, njoo, kata kushoto, njoo," nawe humwoni, simama. Sauti bila mtu haitoshi. Huenda anamwelekeza dereva wa Noah iliyo kando yako.

Ukiweza kuchagua, egesha kwa kuingia rivasi wakati mahali papo wazi na umepaona ulipokuwa unapita, ili kutoka utoke kwa mbele.

Hatua ya tano: milimani

Hapa ndipo gari hili linapotaka akili zaidi. Watu hudhani mteremko ndio unaobadilisha picha ya kioo. Mteremko ulionyooka haubadilishi kitu. Wewe na gari la nyuma mmelala kwenye mstari uleule, kama vile mko tambarare. Kinachobadilisha ni pale barabara inapovunjika, yaani mwinuko wake unapobadilika ghafla.

Ukimaliza kupanda na kuanza kushuka upande wa pili, gari la nyuma linakuwa bado liko chini ya ukingo. Kwenye kioo chako linateremka: linatoka kioo cha juu, linaingia kwenye mwamba, pengine linajitokeza kwenye kioo cha chini au linapotea kabisa. Hapo ndipo zile mita 1.6 zinapolimeza gari zima. Ukiwa unatoka Uyole kuelekea Tukuyu, kile kipande cha kupanda kwenda Isyonje na Ntokela kina mavunjiko ya namna hii mengi, tena mara nyingi na ukungu juu yake. Ukiona kioo cha juu kimebaki kitupu mara tu baada ya kuvuka kilele, usikichukulie kuwa barabara ni tupu. Uliloliona kabla ya kilele bado lipo.

Kinyume chake ni bondeni. Umeteremka na sasa unaanza kupanda, barabara ya nyuma imeinuka kama ukuta, na gari linalokufuata linaonekana lote kwenye kioo cha juu, hadi matairi yanapogusa lami. Hapo ndipo mahali pazuri pa kupima umbali na kasi ya aliye nyuma. Tumia bonde kuhesabu, kisha panda kilele ukiwa na hesabu kichwani: lori moja, Coaster moja, pikipiki moja. Kilele kikishapita, tafuta kila mmoja wao kwenye site mira.

Jambo jingine linahusu breki. Ukikanyaga breki kwa nguvu, pua ya gari inainama na mkia unainuka, mwamba nao unapanda pamoja na mkia. Yaani sekunde unayotaka sana kumwona aliye nyuma ndiyo sekunde ambayo mwamba unasogea. Kwa hiyo tazama kabla ya kukanyaga. Kwenye mteremko wa Inyala, au kutoka Iwambi kwenda Mbalizi, ambako semitrela iliyobeba mzigo inaweza kuwa mgongoni mwako, zoea kutazama kioo unapoona alama ya tuta au taa za breki za aliye mbele, kabla mguu haujasogea. Kama lililo nyuma ni lori na limekukaribia, ongeza nafasi kati yako na aliye mbele, ili ukipunguza mwendo upunguze taratibu nalo lipate muda. Mlimani Kitonga ni vivyo hivyo: usikubali kukaa katikati ya malori mawili kwenye gari ambalo huoni taa za aliye nyuma yako.

Kuovateki fanya hivi: kioo cha juu, site mira ya kulia, kichwa juu na chini, kisha geuza shingo kuangalia begani kulia, ndipo indiketa na kutoka. Pikipiki iliyo nyuma kwenye kona inajificha kwenye mwamba vizuri kuliko gari.

Usiku

Taa za gari dogo lililo karibu zinaweza kukaa hasa kwenye mwamba. Utapumzika macho, lakini utapoteza habari. Ukiona ndani ya gari kuna mwanga unaotoka nyuma na huoni taa yoyote kwenye kioo, ujue kuna mtu yuko karibu sana. Taa za malori na mabasi ziko juu zaidi, hizo zitakuja kwenye kioo cha juu. Geuza kishikizo kidogo kilicho chini ya kioo cha ndani ili kipunguze mwanga. Bodaboda ya taa moja ndiyo ya kuogopa, na dawa yake ni ileile ya kuinua kichwa.

Mvua, vumbi na baridi

Kioo cha juu kimelala, kwa hiyo umande, vumbi na majani hukaa juu yake. Kina wipa, na kina nyaya za kuondoa ukungu. Kioo cha chini kimesimama, hakipati umande mwingi, lakini kiko kwenye ule mvurugiko wa hewa ya mkiani unaorudisha tope la matairi, na mara nyingi hakina wipa wala nyaya. Kuanzia Novemba hadi Aprili, kilomita chache za barabara ya tope zinatosha kukiziba kabisa. Weka kitambaa laini na chupa ya maji mlangoni mwa dereva, si kwenye buti, na kila ukisimama kuweka mafuta, futa kile kioo kifupi, kamera kama ipo, na taa.

Juni na Julai, asubuhi za Njombe, Makete na Mafinga, vioo vyote viwili vinaamka vimefunikwa na ukungu, na Kitulo hata barafu nyepesi. Washa nyaya za kioo cha juu, elekeza hewa kavu ya kiyoyozi ndani ya gari, na kioo cha chini kifute kwa mkono ndani na nje. Usimwagie maji ya moto kioo chenye barafu, kinaweza kupasuka. Abiria wenye makoti yaliyolowa wakijaa ndani, kioo cha chini ndicho cha kwanza kupata ukungu. Fungua dirisha kidogo hata kama wanalalamika baridi.

Mzigo

Gunia la viazi la Isyonje au mikungu miwili ya ndizi za Tukuyu vinatosha kuziba kioo cha chini. Laza siti za nyuma, sambaza mzigo uwe chini ya ukingo wa kile kioo, na uangalie kuwa pazia la buti halikizibi. Kama haiwezekani, kubali kuwa leo unaendesha gari la kioo kimoja, na rudia lile zoezi la ndoo kabla ya kuondoka. Mzigo mzito pia unakalisha mkia. Picha yote ya kioo inahama, upange upya kioo cha ndani. Na taa za mbele zinainuka na kuwachoma macho wanaokuja, kwa hiyo zishushe kwa kitufe cha kurekebishia kama gari lako linacho.

Tinti na kamera

Kioo cha chini usikiwekee tinti hata kidogo. Kioo cha juu, iache ile ya kiwandani ibaki peke yake.

Magari mengi yaliyotoka Japani yanakuja na kamera ya rivasi, na kioo cha dashibodi kinaweza kuwa na maandishi ya Kijapani. Picha haihitaji lugha. Inakuonyesha lile eneo la ndoo ambalo vioo vyote viwili havilifikii, na kwa kazi hiyo ni nzuri sana. Haikuonyeshi anayekuja kutoka pembeni kwa kasi. Ukiifunga mpya, fundi aiweke karibu na taa ya namba ya gari, apitishe waya kwenye mpira wa mlango wa buti palipo na nyaya nyingine, na asitoboe mwamba. Akimaliza, weka ndoo nyuma ya bampa mbele yake, washa rivasi, na usilipe mpaka uione yote hadi kitako.